Vizibo vya Mama Chupa

Kila asubuhi Mama Chupa alichemsha vizibo vya maabara, akavianika, kisha akavirudisha kwenye chupa za ute wa tezi za siafu: chekundu cha malkia, cheusi cha askari wenye vichwa vikubwa, cheupe cha vibarua. Mashine ilichora ute wa kila tabaka kwenye karatasi kwa vilima vyake, na wataalamu walikubaliana kwamba siafu hawatazamani sura. Hunusana, basi.

Watu wa jengo lile nao walinusana. Mlinzi wa lango kuu alimnusa shingoni kila aliyefika, akamwonyesha mlango wake. Mama Chupa alinuka kibarua, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa alipitia nyuma, kwenye mapipa ya taka.

Binti yake alikuwa na shahada ya kemia. Mara mbili aliitwa kwenye usaili, mara mbili alinuswa akapewa ufagio.

"Safari hii hupewi ufagio," mama alisema jikoni, akimpaka nyuma ya masikio ute wa chupa yenye kizibo chekundu, aliyoitoa kazini ndani ya sidiria. "Inua kidevu. Acha kujikuna."

"Mama, unawasha!"

"Usingewasha, kila mtu angejipaka."

"Na wakigundua?"

"Wagundue nini? Wao wanajua kunusa tu. Haya toka, nisije nikakulilia nikakuharibia harufu."

Wanajopo watatu wa usaili walivuta pumzi. Vyeti hawakuvifungua. Walimpa kofia, rungu na zamu ya lango kuu, wakamtakia kazi njema.

Mama Chupa alipoiona ile kofia, aliikumbuka Ijumaa. Chumba cha kuoshea hakina dirisha. Umeme ulikatika, naye, kwa haraka ya kwenda nyumbani, akamalizia kurudisha vizibo kwa kupapasa, bila kuona rangi.

Mama na binti walisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa brashi ya chupa. Ute haukutoka. Wiki ya tatu kichwa cha binti kilikuwa kimepanuka, na stoo wakampa kofia kubwa zaidi. Walikuwa nazo kabatini, za kila kipimo.

Jumatatu moja mvua ilijaza njia ya nyuma maji. Mama Chupa akaja lango kuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

Binti akainamisha kile kichwa, akamnusa shingoni polepole, muda mrefu kuliko kanuni ilivyotaka.

"Kibarua," alisema. "Pitia nyuma."

Mama Chupa akamfunga kifungo cha kola kilichokuwa wazi, akapandisha sketi hadi magotini, akazunguka kwenye maji. Vizibo vilikuwa havijachemshwa.