Aliyeonja Kwanza

Jumapili baada ya ibada, ukoo wa Mzee Celestini ulikusanyika uani kwake, Kirushya, kumhukumu mjane Nyirabahizi. Kesi yenyewe fupi. Ndikuriyo, mtoto wa mzee, dereva wa lori, alikunywa pombe ya ndizi kwa mjane huyo, na tangu hapo hajawa mtu. Halali. Anatokwa damu puani. Moyo unamwenda mbio kama wa kuku aliyeshikwa. Mabati ya nyumba yake ameyang'oa akauza, na sasa alikuwa amejikunja mkekani, anajikuna mikono, anasema kuna wadudu chini ya ngozi.

"Sumu hiyo," alisema Mzee Celestini. "Kesho tunakwenda kwa mwenyekiti. Huyu mama arudi kwao."

Kwao! Mzee aliyevuka mpaka na sufuria kichwani, naye leo amejua kutamka kwao. Nyirabahizi alishaambiwa hivyo mara moja, ule mwaka wa operesheni ya kuwafukuza wahamiaji. Alilala porini wiki tatu, na mbuzi wake wakaliwa na watu tunaowajua.

"Nilionja kwanza mbele yake," mjane akasema. "Kwa mrija uleule. Desturi si mnaijua?"

"Uliramba, hukunywa!" shangazi mmoja akamrushia. Watu wakacheka.

Pancras, mkwe wa nyumba hiyo, hakucheka. Yeye na shemeji yake Ndikuriyo walipokezana usukani wa lori moja, Rusumo hadi Dar es Salaam na kurudi, kwa tajiri aliyepiga simu kila saa kuuliza wamefika wapi. Tajiri huyo hajaitwa kwenye kikao chochote. Siku waliyosimama Nyakanazi, Ndikuriyo akisinzia juu ya sahani ya wali, ni Pancras aliyemtolea ule unga mweupe, kokeini, aliopewa na dereva mwenzake. Shemeji akasita. Basi Pancras akafanya kama afanyavyo mwenyeji mwenye heshima: akavuta yeye kwanza, akafuta pua, akatabasamu.

"Umeona? Nimekufa?"

Safari ile walifika Dar wakiimba. Safari ya tatu hakuna aliyeimba. Walivuta ili tu wawe kama walivyokuwa kabla ya kuvuta.

"Baba," akasema sasa. "Mwacheni mama huyu. Ni mimi."

"Wewe ndiye nini?"

Akaeleza yote, hadi sahani ya wali. Mzee akamsikiliza, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mkwe wangu, una moyo mzuri, unataka kumsitiri mjane. Lakini kama mlivuta wote, mbona wewe u mzima?"

Mzima! Shati lake lilikuwa limepigwa pasi na mkewe, Anjelika, ambaye miaka miwili aliamini mafua ya mumewe ni ya vumbi la barabarani. Pancras akamtazama, akaona kwamba bado anaamini. Akavua kiatu. Kutoka ndani ya soksi akachomoa kijipakiti cha nailoni, kidogo kama ukucha, akakiinua.

Ndikuriyo, ambaye kwa siku nne hakuweza kusimama hata kuwaamkia wakubwa, aliruka.

"Nipe, shemeji! Kidogo tu! Shemeji yangu, damu yangu, nipe!"

Wakakivutana. Nailoni ikapasuka. Ndikuriyo akapiga magoti, akaanza kulamba udongo wa ua wa baba yake, shangazi zake wakitazama.

Nyirabahizi akainuka, akakung'uta kitenge, akatoka bila kuaga. Hakuna aliyethubutu kumzuia, wala aliyekuwa na haya ya kumwomba radhi.

Pancras alipaswa kumwinua shemeji yake. Alijua hivyo, mikono yake tu ndiyo haikujua. Macho yalikuwa kwenye ule weupe unaomezwa na udongo mwekundu, yakipima kama kimebaki cha kumtosha mtu mmoja. Anjelika akayafuata macho hayo mpaka chini, akaelewa.