Mikono ya Bi Harusi

Ndoa yake ilikuwa na miaka miwili na ushee, lakini maabara nzima ilikuwa bado ikimwita Bi Harusi. Hakulichagua jina hilo. Siku yake ya kwanza kazini, wifi yake alimshika bega mbele za watu akasema, "Huyu ndiye bi harusi wetu, mke wa mdogo wangu kinyozi," na jina likaganda hapo hapo.

Kufanya kazi jengo moja na wifi yako ni mtihani. Kufanya kazi meza moja naye ni mtihani ambao hata majibu ukipewa unaweza kufeli. Profesa wao, mtu wa moyo mzuri asiyejua lolote kuhusu mambo ya ukweni, aliwaunganisha kwenye mradi mmoja akisugua mikono kwa furaha. "Nyinyi ni ndugu, mtaelewana tu." Wafanyakazi wenye ndoa zao waliguna.

Mradi wenyewe ulikuwa mtamu. Bi Harusi alikuwa na protini yake, aliyoikuza na kuisafisha mwenyewe. Wifi alikuwa na RNA, ndugu ya DNA, uzi mfupi uliojikunja kichwani kama pini ya nywele. Ndani ya seli, protini ile huukamata uzi ule, na hakuna aliyejua vinakaa vipi vikishikana: nani anapinda, nani ananyooka, nani anamwegemea mwenzake. Ni vitu vidogo mno, hadubini ya kawaida haivioni. Kwa hiyo walitumia mashine ya NMR.

Mashine hiyo ilikuwa chumba cha chini, pipa kubwa jeupe lenye miguu mitatu, refu kuliko mtu, na ndani yake sumaku yenye nguvu za kutisha iliyokaa kwenye baridi isiyosemeka. Sakafuni palikuwa na mstari mwekundu. Ukiuvuka, funguo, saa na kadi ya benki uviache nyuma. Unatumbukiza mrija mwembamba wa kioo wenye maji kidogo ya sampuli yako, mashine inazitikisa atomi kwa mawimbi ya redio, kisha inatulia na kuzisikiliza. Kila kipande cha protini huitika kwa sauti yake, na kwenye skrini kila sauti huwa nukta. Protini iliyojikunja vizuri hutoa nukta zilizotawanyika kama maharage yaliyoanikwa. Iliyoharibika, nukta zake hujirundika katikati kama watu waliokimbia mvua.

Protini ya Bi Harusi, ikiwa peke yake, ilikuwa imetawanyika kwa adabu zote. RNA ya Wifi, peke yake, haikuwa na kasoro. Ndipo wakavichanganya kwenye mrija mmoja, wakakaa mbele ya skrini bega kwa bega, na nukta nyingi zikatoweka. Hazikuhama. Zilitoweka, kama hazikuwahi kuzaliwa.

Wifi ndiye aliyeanza. "Ulivaa glavu?"

"Nilivaa."

"Tangu mwanzo mpaka mwisho?"

"Wifi, nilivaa."

"Nauliza tu. Maana mikono ya mtu ina kimeng'enya kinachokula RNA. Kikiingia hata chembe, uzi wote unatafunwa."

Alichosema kilikuwa kweli tupu. Kila binadamu anacho kimeng'enya hicho kwenye ngozi. Tatizo ni kwamba alisema "mikono ya mtu" huku akiitazama mikono ya mtu mmoja.

"Labda uzi ulikuja ukiwa umeshatafunwa," Bi Harusi akajibu kwa upole uliokuwa na miiba.

Wakazima skrini, kila mmoja akashika njia yake.

Jioni hiyo Wifi alimpigia mama yake simu huku akivua viatu, na mama alipouliza habari za kazi, alijibu bila kufikiri, "Imeharibika. Mikono ya Bi Harusi imekula uzi wangu."

"Mikono yake ina nini?"

"Vimeng'enya, mama. Havionekani. Hata ukinawa kwa sabuni haviishi."

Kwa mwanasayansi, hayo ni maneno ya kawaida. Kwa mama mkwe, ni taarifa.

Jumapili Bi Harusi na mumewe walikwenda kula ukweni kama kawaida. Alipotaka kukata vitunguu, mama mkwe alimnyang'anya kisu kwa tabasamu. "Pumzika, mwanangu, umechoka na kazi." Alipopanga sahani, mama alizikusanya moja moja na kwenda kuzisuuza upya kwa maji ya moto. Alipomkatia mama matunda, mama alishukuru sana, akayaweka pembeni, na pembeni yakabaki. Bi Harusi hakuwa mjinga. Mgeni wa ukweni husoma hata mfuniko wa sufuria unavyowekwa.

Njiani kurudi akamuuliza mumewe, "Mama ana nini leo?"

Kinyozi alikuwa fundi wa kusikiliza umbea kutwa nzima bila kuutoa nje ya duka, lakini kwa mkewe mfuko wake ulikuwa na tundu. Akakohoa. Akasifu hali ya hewa. Mwishowe akasema, "Dada kamwambia una vidudu mikononi. Eti haviishi kwa sabuni."

Bi Harusi alicheka kwanza, kicheko kikubwa. Kisha akasimama kando ya barabara, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Mke wangu," kinyozi alisema akijipigapiga tumbo, "mimi nakula kutoka mikono hiyo tangu tuoane, na ushahidi ndio huu. Hivyo vidudu vyako vina vitamini."

Alimpenda kwa maneno hayo, lakini hayakumwondolea uchungu.

Wiki iliyofuata maabara iligeuka baraza la mabubu. Aliyeumia zaidi ni fundi wa mashine, mzee mnene aliyeitwa Baba Gesi kwa sababu ndiye aliyeijaza ile sumaku naitrojeni ya baridi. Alikuwa akisimama kati ya wifi wawili na mtungi wake unaotoa moshi, Bi Harusi akisema, "Baba Gesi, hebu mwambie mwenzangu friji limeachwa wazi," na Wifi, aliyekuwa hatua mbili tu, akijibu, "Baba Gesi, mwambie nimesikia."

"Jamani," mzee alilalamika, "mimi niliajiriwa gesi, sikuajiriwa posta!"

Hasira, hata hivyo, ina faida yake: humfanya mtu asome matokeo kwa jicho kali. Bi Harusi alikuwa ameapa kuthibitisha kwamba mikono yake haina hatia. Alichapisha picha mbili, ile ya protini peke yake na ile ya mchanganyiko, akazibandika ukutani juu ya meza yake na kuanza kuzilinganisha nukta kwa nukta.

Jambo la kwanza lilimjia upesi, mpaka akajilaumu kwa kuchelewa. Kama RNA ingekuwa imetafunwa, protini yake ingebaki haina wa kumshika. Ingerudi kwenye upweke wake, na nukta zote zingekuwepo kama mwanzo. Sasa mbona hazikuwepo? Jambo la pili lilimfanya asimame kabisa. Nukta zilizotoweka hazikuwa za ovyo ovyo. Zote zilitoka upande mmoja wa protini, kwenye bonde dogo ambalo alikuwa akilishuku siku zote. Upande wa pili, kila nukta ilikuwa mahali pake.

Uzi haukuliwa. Uzi ulikuwa umo bondeni!

Akakaa akitafuna kifuniko cha kalamu. Kwa nini basi ukimya? Akamfikiria mtu anayetembea kati ya vyumba viwili, wewe uko ukumbini unamwita. Akitembea polepole, utamsikia akiitika mara chumba hiki, mara kile. Akikimbia kama mwendawazimu, utadhani anaitika kutoka katikati. Lakini akiwa na mwendo ule wa katikati, wa kutoka kabla hajamaliza kuitika, unapata mkoromo usioeleweka. Uzi ulikuwa unashika na kuachia, unashika na kuachia, kwa mwendo huo huo wa kukera. Dawa yake ilikuwa kuupunguza mwendo. Na atomi, kama watu wengi, ukizitia baridi hupunguza mbio.

Ila kulikuwa na kikwazo kimoja, nacho kilikuwa na miguu: RNA ilikuwa ya Wifi, na zamu ya mashine ilikuwa ya Wifi.

Asubuhi ya Ijumaa alivuta pumzi, akavuka chumba. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umepinda, ameshika picha ya jeli, kipimo kinachoonyesha kama uzi ni mzima au umekatika vipande. Hakuinua macho.

"Ni mzima," Wifi alisema kabla hajaulizwa. "Mstari mmoja, safi. Haukuliwa na mtu."

"Nimekuja kukwambia hivyo hivyo. Umejua lini?"

"Jumanne."

"Leo Ijumaa, wifi."

"Najua. Kila nikiinuka kuja kwako, miguu inanipeleka chooni." Akaiweka picha mezani, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mdogo wangu alinipigia simu jana. Tangu azaliwe hajawahi kunifokea. Jana kanifokea mpaka wateja wake wakawa wanamtuliza. Sikujua mama ameelewa vile. Nilisema tu, kama tunavyosema hapa. Nisamehe, wifi yangu. Nimekuaibisha nyumbani kwetu."

Bi Harusi alikuwa ameandaa hotuba kali yenye sehemu kadhaa. Yote ikayeyuka. "Mimi nami nilisema uzi wako ulikuja umetafunwa," alisema. "Na haukuwa hivyo. Ni uzi mzuri sana."

"Ni mzuri, eh?"

"Mzuri mno. Hautaki kukaa ndani tu. Unaingia, unatoka." Akamweleza.

Wifi alisikiliza akiwa amekunja uso, na ule uso wa mtu anayesaka kosa ulikuwa, kwa Bi Harusi, kama salamu ya zamani. "Ukiipoza, maji yanakuwa mazito," akapinga. "Nukta zitanenepa."

"Zinenepe, bora tuzione."

Wakashuka chini. Wakaacha saa na funguo kwenye sahani mlangoni, wakatumbukiza mrija, wakaiagiza mashine ishushe joto hadi nyuzi tano. Kungoja kukawa kurefu. Mara kwa mara Wifi alinyoosha mkono kugusa kitufe, na Bi Harusi aliupiga mkono huo kidogo, kama wa mtoto anayedokoa nyama jikoni.

Nukta ya kwanza ilijitokeza kama doa la mafuta kwenye karatasi. Kisha nyingine. Kisha pale palipokuwa kimya zikaanza kuja mbili mbili: moja ya protini iliyo peke yake, ya pili ya protini iliyoshika uzi. Zilikuwa nene, kweli, lakini zilikuwepo, bonde zima likiitika. Wifi alipiga ukelele ambao haukufaa kabisa kwa mtu wa cheo chake. Baba Gesi akaja mbio akidhani sumaku imepasuka na gesi inavuja, akakuta wanawake wawili wamekumbatiana wakirukaruka.

"Posta imefungwa?" aliuliza akihema.

"Imefungwa, baba."

Hapo hapo Wifi akapanda juu, akampigia mama yake na kuweka sauti wazi. "Mama, lile jambo la mikono nililieleza vibaya. Vile vimeng'enya kila mtu anavyo. Mimi ninavyo. Hata wewe unavyo."

"Mimi?" mama akauliza. "Mikono yangu? Iliyokuogesha, ikakulisha, ikakusuka?"

Bi Harusi alijiziba mdomo kwa koti jeupe.

"Havina madhara, mama! Ni vya kawaida kabisa!"

"Kumbe ni vya kawaida." Kisha akaamuru, "Mpe mkwe wangu simu." Bi Harusi akaichukua. "Mwanangu, nimesuuza sahani zilizokuwa safi, na matunda yako niliyaacha yakanyauka. Sikulala vizuri kwa ajili hiyo. Jumapili njoo, tukate vitunguu pamoja, tulie pamoja."

"Nitakuja, mama," alisema, akamrudishia Wifi simu.

Waliporudi chini, Profesa alikuwa ameshaambiwa, naye amesimama mbele ya skrini akitikisa kichwa kwa raha. "Niliwaambia mtaelewana!" alisema. Wifi wawili wakatazamana, wakaamua kumsamehe.

Kazi halisi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, maana kila nukta ilihitaji kujulikana ni ya kipande gani, na kutoka hapo ndipo umbo lingeweza kuchorwa. Wifi akavuta kiti cha pili karibu na chake. Wakaanza na nukta ya juu kabisa, na mpaka saa ya chakula walikuwa bado wanabishana juu yake, kwa sauti zilizosikika hadi ngazini.