Namba Moja, Watoto Kumi na Mmoja

Mimi Nzembi sijifichi: kazi yangu naijua. Zahanati moja ya mtaa wa Silanga iliponiomba niwaundie mfumo wa kuwakumbusha akina mama siku za chanjo, niliumaliza kwa siku tisa. Programu yangu humwandikia kila mtoto mstari mmoja katika jedwali lililohifadhiwa mbali, kwenye kompyuta za mtandaoni tunazoziita wingu, na siku ikikaribia mama anapata ujumbe. Nilimwambia Sista Seline, muuguzi, kwamba daftari lake sasa ni la kufungia mandazi. Alicheka, akaendelea kuliandika.

Wiki ya saba, nikiwa pale zahanati, akaingia Kalondu, muuza makaa, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Nani anatuma hizi meseji?"

"Ni mimi, mathe."

"Na mbona ni za mtoto mmoja tu? Mimi niko na watoto kumi na moja kwa hii simu! Wamama wa ploti yetu wengi hawana simu, wengine haina chaji, so wanaandikisha yangu. Wakikuja kununua makaa nawaambia."

Nikafungua jedwali, nikaona kosa langu. Kila mstari wa jedwali lazima uwe na ufunguo wake, alama isiyofanana na ya mstari mwingine, na mimi nilikuwa nimetumia namba ya simu. Tena nilichagua amri ya kuandika ambayo ikikuta ufunguo upo haigombi, inafuta mstari wa kwanza na kuweka wa pili. Ipo amri nyingine inayokataa, lakini niliikwepa kwa sababu sikutaka makelele ya makosa. Basi kila mama aliyetaja namba ya Kalondu alimfuta mtoto wa jirani yake, nami nikawa najisifu kwamba jedwali langu ni safi.

Niliona aibu, nikajikasirikia vibaya. Lakini kulia hakurudishi mtoto. Tulifungua daftari la Seline, na kabla ya jioni ufunguo ukawa namba ya kadi ya kliniki, simu ikabaki maelezo tu, na amri ikawa ile kali. Majina kumi yaliyopotea nikayaingiza moja moja. Simu ya Kalondu ikalia mara kumi, naye akaita akina mama kwa sauti ya sokoni.

Siku ya tatu tisa walikuwa wamechanjwa. Alibaki Ian, aliyepitisha miezi tisa bila chanjo ya surua, na surua ilikuwa imeshaingia mtaani. Kalondu alijua mamake, Lavender, amehamia sehemu iitwayo Kongo, huko mtaa wa Kawangware. Nilienda na Seline, amebeba kijisanduku chake cha barafu.

Tulimkuta Lavender akianua nguo, mtoto mgongoni.

"Nilingoja meseji kwa Kalondu mpaka nikahama," akasema. "Nikaona kimya, nikadhani siku haijafika."

Ningeweza kusema mtandao ulisumbua. Watu wa kazi yangu husema hivyo kila siku, na huaminiwa.

"Mtandao haukuwa na shida. Ni mimi nilimfuta."

Seline akamdunga Ian, naye akalia mpaka majirani wakachungulia. Lavender alimtuliza kwanza, akamfunga mgongoni tena, ndipo akanigeukia.

"Sasa nionyeshe kama ako."

Nikafungua jedwali, nikampa simu yangu. Hakunirudishia mpaka aliposoma jina la mwanawe kwa sauti, mara mbili.