Maneno Matano ya Mzee Filadelfio

Tangu Jumapili Venera alikuwa akimfundisha baba yake maneno matano: limau, kanisa, kiatu, punda, chumvi. Alimfundisha akimnyoa, akimkatia mkate, hata akimfunga kamba za viatu, baba yule yule aliyewashonea viatu watu wa mlima mzima. Maneno yenyewe aliyasikia mwaka juzi akiwa mlangoni, daktari alipokuwa akimpima baba kumbukumbu. Mwaka jana alimfundisha hivyo hivyo, baba akapata yote.

Na safari hii kaka yake Nuzzo alishatoa neno kwa simu kutoka Ujerumani: "Akifeli, anaenda kwa masista, kwenye nyumba yao ya wazee. Mimi sina la kuongeza."

Daktari Ilenia alikuwa akichunguza wazee ambao mishipa midogo ya damu kichwani imechakaa na akili inaanza kufifia. Kila mwaka maswali, kisha kipimo cha sumaku inayoamsha ubongo kupitia fuvu.

"Haya, mzee Filadelfio. Nitakutajia maneno matano..."

"Limau, kanisa, kiatu, punda, chumvi!" Baba alijibu kifua mbele.

Daktari akaweka kalamu chini. "Sijayataja bado, mzee."

"Nimekupunguzia kazi. Kwani huoni ulivyochoka?"

Venera akatamani ardhi ipasuke immeze. Daktari akatoa karatasi nyingine, akasoma maneno mapya polepole. Baada ya dakika tano alipoyauliza, baba alifikiri sana, akasema: "Punda."

Ikaja zamu ya sumaku. Baba alilazwa kwenye kiti, mkono juu ya mto, waya zimebandikwa chini ya kidole gumba. Mkono ulitakiwa kulegea kabisa. Lakini baba alikuwa akilalamikia kiti, na kila alipolalamika vidole vilikutana ncha, kama wanavyoongea watu wa kwao, vikapanda juu vikitikisika, na kioo cha mashine kikajaa mistari iliyovurugika.

"Mzee, mkono!"

"Si naongea na wewe?"

"Ongea kwa mdomo."

"Mdomo peke yake? Wanaongea hivyo watu wa kaskazini, maskini."

"Baba," Venera akasema, "kaa kama siku ya Ijumaa Kuu, msalaba unapita."

Baba akanyamaza papo hapo. Mkono ukalala. Daktari akamwekea sumaku kichwani, ikalia *tak*, na kidole gumba kikaruka chenyewe.

Baba akakitazama. "Nani kamwita huyu?"

*Tak.* Kikaruka tena. Daktari akapunguza nguvu, na bado kiliruka.

"Mwaka jana kilihitaji msukumo mkubwa zaidi," alisema.

"Ni vibaya?" Venera akauliza.

"Sumaku haimhukumu mtu mmoja, dada. Inanisaidia kuona wengi kwa pamoja. Habari za huyu mmoja nazipata kwa maswali." Akavua miwani, akafikicha macho. "Mwaka jana pia ulimfundisha?"

Venera akainamisha kichwa.

"Ningejua, tungeanza kuishughulikia presha yake, inayochakaza mishipa hiyo, tangu wakati ule. Mwaka mzima, dada."

Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Akaandika barua kwa daktari wao wa mtaani, akaitia kwenye bahasha.

Nje, Venera alimkalisha baba kwenye benchi, akampigia kaka yake.

"Amefeli. Na mwaka jana alifeli vilevile, mimi ndiye niliyefaulu."

"Basi masista..."

"Haendi, Nuzzo. Njoo Agosti ukae naye mwezi mzima. Umfunge viatu wewe. Mimi nataka kulala. Ukishakaa naye, ndipo useme."

Baba akakusanya vidole, akavitikisa: nani huyo?

"Nuzzo, baba."

"Nuzzo yupi?"

Ulimi wa Venera ukawa umeshainuka kumpa jibu, kama alivyompa wiki nzima. Akaurudisha. Akaiweka simu katikati yao, akaegemea ukuta, akamwacha baba atafute jibu mwenyewe. Huko Ujerumani, Nuzzo naye alikuwa akisubiri.