Miguu ya Bandia Safarini

Lori lilikuwa limeshaondoka, na miguu ya bandia iliyoning'inizwa nyuma ilikuwa ikipiga hatua hewani, taratibu, kama watu watembeao usingizini. Fundi alikaa katikati yake akisinzia. Karakana yao ya kutengeneza miguu hiyo ilikuwa inahamia upande wa pili wa mji. Lori likaingia shimoni, likaruka, na kalibu ya plasta, umbo la kuundia mguu, aliyoipakata ikamponyoka, ikavunjikia barabarani.

Ilikuwa kalibu ya mguu wa mshonaji mmoja wa mbali, mama wa watu, aliyetaka kukanyaga tena cherehani yake. Safari ya kuja kupimwa nusura imtoe roho, nyingine asingeiweza. Vipimo vilibaki kwenye barua pepe ya daktari aliyempima, naye daktari keshastaafu. Na barua yenyewe fundi alikuwa ameifuta. Ndivyo alivyo: akishasoma, anafuta, kama anavyofagia maranda mezani.

Akainama kwenye kidirisha cha nyuma ya dereva. Mbele alikaa dada wa mkewe, mtunza barua wa karakana, kompyuta mapajani.

"Shemeji, nimekufa."

"Ngoja tufike nikuzike. Umefagia nini tena?"

Akamweleza. Shemeji akacheka mpaka dereva naye akacheka bila kujua sababu.

"Zamani, kila mtu na kabati lake la barua, ungelia. Sasa barua inakaa mahali pamoja tu, kwenye hifadhidata. Jedwali la barua, jedwali la watu, jedwali la viambatisho, na nyuzi za kuyaunganisha. Wewe umekata uzi wako tu, baba, barua yenyewe haijafutika. Wangu wa mtunza barua upo."

"Utaipataje? Si ni kama mchanga humo?"

"Naiuliza: nipe za daktari yule, zenye kiambatisho, zinazotaja goti."

Fundi akafumba macho. Akaziona barua zote za miaka zikiinuka kama vumbi la plasta kwenye mwanga wa dirisha, zikielea bila haraka, kisha zikatua moja moja. Ikabaki moja.

"Hii hapa. Na usiiguse!"

Mshonaji alipata mguu wake. Sasa anashona sare za shule. Daktari anafuga kuku. Dereva aliacha kazi ya lori. Vipande vya kalibu vilisagwa na magari, mvua ikavichukua. Shemeji bado anatunza barua, na fundi bado anazifuta.