Tangi Lililonyweshwa Maji Matupu

Mama Pacha, fundi mitambo wa kiwanda cha barafu, alirudi kutoka likizo, akachovya kidole kwenye tangi la maji ya chumvi ya kugandishia, akalamba, akatema.

"Nani alikuwa analijaza hili?"

Vibarua wakatazamana. Mmoja akaonyesha kwa kidevu mpira wa maji uliolala ukingoni. Wiki tatu nzima, kila tangi lilipopungua, walifungulia bomba.

"Meneja kasema chumvi tusiongeze," akajitetea. "Eti chumvi haiendi popote, kinachopungua ni maji."

Haiendi popote! Kila kopo la barafu likiinuliwa kutoka tangini huchuruzika maji ya chumvi, na makopo ni mia mbili kwa siku. Chumvi ilikuwa imeshuka mferejini tone kwa tone. Na ni chumvi hiyo inayoyafanya maji ya tangi yakatae kuganda, hata yakiwa baridi kiasi cha kugandisha maji matupu yaliyo ndani ya makopo. Ikipungua, tangi lenyewe linaganda, barafu inabana mabomba ya gesi ya kupoozea, yanapasuka. Gesi ile ni sumu, haichagui pua ya kibarua wala ya bosi.

Mama Pacha akalipiga kufuli sanduku la swichi ya mashine. Ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hakuna meneja angethubutu kuutafuta.

Meneja akaja mbiombio.

"Mama Pacha, mbona mashine kimya?"

"Sijaiwasha."

"Basi iwashe."

"Siwashi."

"Wiki tatu hukuwepo, na hatujafa!"

"Chumvi haikuisha siku moja, bosi. Ilikuwa inaaga kidogo kidogo, na leo ndiyo imefika mlangoni."

Vibarua wakaguna kwa kicheko. Meneja akavimba. "Ufunguo, au barua ya kufukuzwa."

"Andika. Nina watoto wawili wanaokula kama wanne, kazi naihitaji kweli. Lakini siwaziki watu hapa. Ukiwa unaandika, niazime friza yako."

Friza ya ofisini ilikuwa ya kupoozea soda za meneja. Mama Pacha akatia chupa mbili ndogo: moja ya maji ya tangi aliyoyateka kabla ya likizo, kama alivyozoea kila mwisho wa mwezi, na nyingine ya leo.

"Baridi ya humu na ya tangini mashine ikiwaka ni ile ile. Tusubiri."

Akakaa mlangoni, akamenya chungwa. Ndani, meneja akaandika barua, akaipiga muhuri. Baada ya saa mbili akafungua friza kwa kishindo.

Maji ya chupa ya zamani yalichezacheza kama yametoka kisimani. Akaipindua ya leo. Halikudondoka hata tone. Akaitikisa. Kimya.

"Labda friza hii..."

"Labda friza inakuonea," Mama Pacha akamalizia.

Meneja aliitazama ile chupa, kisha akatazama dirishani, kule vibarua walikokuwa wamesimama kando ya mabomba. Barua akaikunja mara nne, akaisukuma mfukoni.

"Magunia mangapi?"

"Arobaini. La kwanza unabeba wewe. Si ulisema chumvi haiendi popote? Ipeleke."

Vibarua wakashika midomo. Meneja akakunja mikono ya shati, akainama chini ya gunia.

"Haya, ufunguo," akasema alipolitua ukingoni, akihema.

Mama Pacha akajipangusa maji ya chungwa vidoleni.

"Bado thelathini na tisa."