Karatasi za Aneth

Dada yangu Aneth alifariki akiacha sanduku la wadudu wa Sekenke, wakubwa kama kereng'ende, ambao wakiwa wachanga hujificha mchangani kuvizia sisimizi. Nilimpelekea Dokta Kristina, mtafiti wa wadudu.

Alimkazia macho mmoja. "Madoa ya mabawa haya sijawahi kuyaona. Akiwa aina mpya, tutampa jina la dada yako. Karatasi yake ya maelezo iko wapi?"

"Ametoka Sekenke, Dokta!"

"Sekenke ni kubwa, mdogo wangu. Mlimani? Korongoni? Mwezi gani? Bila hayo siwezi kumtangaza."

Siku ya msiba nilizichomoa karatasi zote sandukuni, nikaandika nyuma yake beti za kumlilia Aneth. Nilizisoma kwa sauti kubwa, watu wakanisifu, nikazizika naye.